Mkono Ukishanuka Saumu

Mtu wa kisa hiki ni wa kutunga, na mkewe pia. Yaliyowapata si ya kutunga: madaktari wa Ujerumani, Austria, Uswisi, Slovenia na Kroatia wameyaandika katika majarida yao kwa miaka mingi, na baadhi ya wagonjwa wao hawakurudi nyumbani. Nimeyakusanya yote kwa dereva mmoja wa vifurushi wa mjini Leipzig, mzaliwa wa Tanga, kwa kuwa Waswahili wanaoishi huko nao hula mboga ya msituni kama wenyeji wao. Nimemfanya awe mjuzi. Mtu asiyejua kitu humpita mmea akaenda zake, wala hana kisa cha kusimuliwa.

Leipzig ina msitu unaokatiza mji kufuata mito ya Weiße Elster na Pleiße. Mwezi wa Machi, miti ikiwa bado mitupu, chini huota zulia la majani mapana ya kijani, na ukipita kwa baiskeli unakutana na harufu ya kitunguu saumu kabla hujaona chochote. Wajerumani wanauita mmea huo Bärlauch. Wataalamu wanauita Allium ursinum, na ni ndugu wa kitunguu saumu cha sokoni. Una haraka, na haraka yake ni ya kugombea mwanga. Miti ikishavaa majani mwezi wa Mei, chini huingia kivuli kizito, kwa hiyo mmea huota na kuanza kutoa maua katika majuma machache ambayo jua bado linafika ardhini. Kiangazi kikikolea, majani yameshageuka njano na kuoza, na mgeni hawezi hata kudhani kwamba palikuwa na kitu.

Maua yake ni nyota nyeupe za petali sita, zimefungamana kama kishada juu ya kikonyo kimoja. Aliyeliona ua hilo na kunusa jani lake ni vigumu kukosea. Lakini walaji hawalisubiri ua. Jani linalotafutwa ni lile changa la Machi na Aprili, kabla tumba halijapasuka. Kwa hiyo kile ambacho mtaalamu wa mimea hukitazama kwanza ndicho kisichokuwepo siku ya kuchuma, na mchumaji anabaki na jani tupu, refu kama kiganja na vidole vyake, lenye ncha, la kijani kibichi.

Na jani la namna hiyo si la mmea mmoja. Katika misitu hiyohiyo, miezi hiyohiyo, huota Convallaria majalis, ambayo Wajerumani huiita Maiglöckchen: vikengele vyeupe vyenye manukato ambavyo Wafaransa hupeana tarehe 1 Mei, na ambavyo Wafini wamevifanya ua lao la taifa. Pembezoni, pale msitu unapokutana na nyasi mbichi za malisho, huota Colchicum autumnale. Huu wa pili una tabia ya ajabu. Ua lake la zambarau hafifu huchomoza mwezi wa Septemba, peke yake, bila jani hata moja. Kisha hunyauka. Kifuko cha mbegu hukaa chini ya udongo majira yote ya baridi, na majani hutoka masika inayofuata, wakati ambapo hakuna tena ua la kumwambia mtu haya ni majani ya nini. Mtu anaweza kulijua ua hilo tangu utotoni na asilitambue jani lake maisha yake yote. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliipa mimea yote mitatu majina yake ya kitaalamu mwaka mmoja, 1753, na kwenye kurasa za vitabu iko mbali mbali. Msituni inaweza kuota kwa umbali wa hatua moja.

Dereva wetu alifundishwa na jirani yake, bibi wa Kijerumani aliyekuwa akichuma tangu enzi za Ujerumani Mashariki. Alimwonyesha mahali, akamwonyesha jani, akamsugulia kidoleni. Tangu hapo kila masika alikwenda palepale na kurudi na mfuko. Aliwafundisha wenzake pia, na rafiki mmoja aliyepiga picha jani kwa programu ya simu alijibiwa vilevile alivyosema dereva. Sifa ikamkaa. Kwenye shughuli za Waswahili wa mjini hapo, chupa yake ya saumu ya msituni iliyosagwa na korosho na mafuta ya zeituni ilikuwa inaisha kabla ya pilau.

Jumapili moja ya mwisho wa Aprili walikuwa wanarudi yeye na rafiki yake wa Mombasa kutoka upande wa Thüringen. Waliegesha gari kando ya msitu, na chini ya miti dereva akaliona zulia lake. Akachuchumaa, akachuma jani la kwanza, akalisugua, akanusa. Saumu. Akachuma la pili, saumu. Baada ya hapo hakunusa tena. Alianza kushika kwa mafungu, kama mtu anayekata majani ya ng'ombe, huku akisogea taratibu kuelekea kwenye mwanga, kwa sababu huko majani yalikuwa makubwa zaidi na mazuri zaidi.

Rafiki yake, ambaye hakuwa anajua lolote, ndiye aliyeona. "Kaka, mbona haya ya huku yasimama wima hivi? Yale ya kule yalikuwa yalala."

"Ya huku yanapata jua."

"Na mbona yang'aa?"

"Si nimekwambia? Jua."

Hapo ndipo kisa kilipoamuliwa, na wala si kwa ujinga. Jibu la dereva lilikuwa jibu la mtu anayejua mimea: ni kweli kwamba jani la juani na jani la kivulini la mmea mmoja hutofautiana. Ujuzi wake ulimpa maelezo ya haraka kwa kila dalili iliyokuwa ikimkatalia. Rafiki alikuwa na macho matupu na maswali mawili mazuri, lakini hakuwa na sifa, kwa hiyo alinyamaza. Angekuwa peke yake, dereva angeweza kunusa tena, lakini isingemsaidia: mkono ukishanuka saumu, kila kinachoguswa nao kinanuka saumu. Taasisi ya serikali ya Ujerumani inayochunguza usalama wa vyakula hutoa onyo hili karibu kila masika, kwamba harufu peke yake haitoshi, na kila masika wapo wanaolisoma na kusema wao pua zao ni nzima.

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa bado kazini. Ni muuguzi wa wazee, na siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana. Hili la zamu lina uzito wake. Mwanamke huyu amelelewa Pangani kwa mboga za kuokota: mchunga, mlenda, mnavu, mchicha pori. Mboga ya namna hiyo haiingii chunguni kabla haijamwagwa kwenye ungo na kuchambuliwa, jani baada ya jani, huku watu wakizungumza. Kwenye ungo ndipo magugu yanapokamatwa, pamoja na jani lililooza, kiwavi, na jani la mti ambao hakuna aliyekusudia kuuchuma. Angekuwepo, mfuko ungemwagwa. Dereva peke yake alifungua bomba, akaosha kwa mkupuo, akatia kwenye mashine ya kusagia pamoja na korosho, chumvi, limau na mafuta. Dakika moja baadaye hakukuwa tena na majani ya kutazama. Kulikuwa na rojo la kijani.

Walikula saa moja jioni, na tambi. Watoto walikataa, kama watoto wanavyokataa kila kitu cha kijani, wakapewa soseji. Mke alionja vijiko viwili vitatu.

"Baba watoto, mbona leo chungu?"

"Umezoea ile ya dukani."

Jibu la tatu la siku hiyo, na lilikuwa jibu la mtu anayejua.

Saa nane usiku dereva aliamka akitapika. Kisha tumbo likaanza kumwendesha, maji matupu, bila kupumzika. Alilaumu mayai aliyokula kwa wenyeji wake kule Thüringen. Mkewe naye alihisi tumbo likimkata, ila kwa afadhali. Kulipokucha alimpa mumewe maziwa, kama tulivyozoeshwa wengi wetu tangu utoto kwamba maziwa huvunja sumu. Hayavunji. Vituo vya simu vya masuala ya sumu huko Ulaya huwasihi watu wasimpe mgonjwa maziwa wala wasimtapishe kwa nguvu. Mgonjwa apewe maji kidogo, na simu ipigwe.

Aliyeokoa jahazi ni mke, na aliliokoa kwa kuuliza swali la kiuguzi: sisi wawili tunaumwa, watoto wazima, ni nini tulichokula sisi na wao hawakula? Halafu akakumbuka ule uchungu. Alipiga simu kituo cha sumu. Mpokeaji hakutaka kusikia kwamba mume wake ni mzoefu. Aliuliza walikula saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi, na kama kuna chochote kilichobaki. Muda uliopita kati ya chakula na kutapika, saa saba, ulimshtua zaidi kuliko kutapika kwenyewe. Akawaambia waende hospitali sasa hivi, na waje na chupa pamoja na mfuko.

Chupa haikuwa na cha kuonyesha macho. Mfuko ulikuwa nacho. Chini kabisa, majani machache yalikuwa yamegandamana kwa unyevu, na katikati yao kulikuwa na kipande ambacho dereva alikikata chini mno: majani matatu yamevikana, moja ndani ya lingine, bila vikonyo, na ndani kabisa, palipofichika, kifuko kidogo cha kijani kama tunda changa. Saumu ya msituni haina kitu kama hicho. Ni kifuko cha mbegu cha lile ua la Septemba.

Sumu ya mmea huo ni kolchisini. Watu wenye jongo wataijua, kwa sababu ni dawa yao. Kidonge huwa na takribani nusu miligramu, na madaktari huitoa kwa kuhesabu. Kazi yake mwilini ni kuzuia seli zisigawanyike: hushika nyuzi ndogo ambazo seli huzitumia kujigawa, na mgawanyiko unakwama katikati. Ukilielewa hilo, ugonjwa wote unasomeka. Zinazoumia kwanza ni sehemu ambazo seli zake hujigawa kila siku, yaani utando wa tumbo, na ndiyo maana mtu huanza kwa kutapika na kuhara. Inafuata uboho unaotengeneza damu. Mwisho ni mizizi ya nywele. Moto hauiondoi sumu hii, kwa hiyo hata kama dereva angepika mchuzi badala ya kusaga rojo, yangekuwa yaleyale.

Siku ya pili wodini alijisikia nafuu, akaomba aruhusiwe, ana vifurushi vinamsubiri. Madaktari walikataa, na walikuwa na sababu. Katika sumu hii, nafuu ya siku ya pili haina maana kwamba mtu amepona. Siku ya tatu chembe nyeupe za damu ziliporomoka, figo zikalegea, akahamishiwa chumba cha mahututi akisaidiwa kupumua. Hakuna dawa ya kuifuta kolchisini iliyokaa kwenye rafu ya hospitali. Mwaka 1995 madaktari wa Ufaransa walieleza jinsi walivyomtibu mgonjwa mmoja kwa kingamwili zilizotengenezwa maalumu, lakini tiba hiyo haikuwahi kufika madukani. Kilichobaki ni mkaa wa kitabibu ukiwahiwa, dripu, mashine, na subira. Dereva aliishi. Wiki ya pili alishika kichwa na nywele zikabaki mkononi, na ndevu nazo, na nyusi. Ziliota tena baadaye. Kazini alirudi baada ya miezi.

Mke, aliyeonja vijiko vichache, alilazwa siku mbili za uangalizi na kutoka. Nimempunguzia makusudi. Katika visa halisi wapo wanandoa waliokula sahani sawa.

Wapo watakaosema haya ni ya wazungu na misitu yao ya baridi. Kolchisini haina kabila. Pwani yetu, kwenye vichaka na kando ya njia, kunaota mmea unaojishika kwa ncha za majani yake na kutoa ua jekundu lenye kingo za manjano, petali zimegeukia juu kama ndimi za moto: Gloriosa superba. Ni wa ukoo uleule wa Colchicum na una sumu ileile, hasa kwenye tunguu lake. Sri Lanka, ambako pia unaota, kuna watu waliouchimba wakidhani ni kiazi na kuula.

Hata vile vikengele vya Mei vina jamaa zake huku. Sumu yake kuu, konvalatoksini, hushambulia moyo: mapigo hupungua, hupotea njia, na huweza kusimama. Kiini chake cha kikemia ni kilekile kilichomo kwenye kombe, sumu ya mishale ya bonde la Zambezi. Daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, aliyesafiri na Livingstone huko tangu 1858 na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliijua athari ya kombe kwa bahati mbaya: mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu hiyo, akasugua nao meno, akaonja uchungu, kisha akaona mapigo yake ya moyo yameshuka. Sampuli zilipofika Edinburgh, mtafiti Thomas Fraser alizichunguza, na zikaingia katika dawa za moyo. Kirk, tofauti na dereva wetu, aliuchukulia ule uchungu kuwa ni habari.

Basi jani litambuliwe vipi, ikiwa ua halipo na pua imekwisha kudanganywa? Kwa namna lilivyoshikana na ardhi. Ncha na upana na rangi havisaidii, na picha ya simu iliyopigwa kutoka juu inaonyesha hivyo vitatu tu. Unatakiwa kushuka kwa kidole mpaka chini. Jani la saumu ya msituni limesimama juu ya kikonyo chake lenyewe, chembamba, na kila jani linatoka ardhini peke yake, hata kama yamesongamana mia. Maiglöckchen hutoa majani mawili kutoka shina moja, la nje limelikumbatia la ndani. Colchicum haina kikonyo kabisa; majani yake magumu kidogo hutoka kwa pamoja yakiwa yamevikana. Kisha geuza jani uone mgongo wake: wa saumu umefifia, hauna mng'ao, ilhali wa wenzake wote wawili unang'aa. Kunja uti wa jani la saumu na utasikia unalia kwa kuvunjika. Harufu iwe ya mwisho, kwa vidole vilivyooshwa, na iwe na uwezo wa kukataa tu: jani lisilonuka litupwe, lakini linalonuka lisipitishwe kwa harufu hiyo peke yake.

Na haya yote ni ya jani, si ya eneo. Hilo ndilo alilokosa dereva. Aliutambua mmea vizuri sana pale alipochuchumaa, kisha akaugeuza utambuzi huo kuwa kibali cha pori zima. Jani lake la kwanza lilikuwa halali. La themanini halikuwa na mtu wa kuliuliza. Anayechuma kwa mafungu hatambui mimea. Anakisia kwamba jirani wa saumu ni saumu. Sheria ya Ujerumani yenyewe inamruhusu mtu kuchuma kiasi kidogo tu cha matumizi yake, na nje ya hifadhi, na ingawa iliwekwa kwa ajili ya kulinda mimea, ni sheria inayomlinda pia mchumaji. Kiasi kidogo kinachambulika.

Masika iliyofuata mke hakumkataza kula saumu ya msituni, jambo ambalo wenzake walilishangaa. Alisema tu kwamba watapanda yao wenyewe. Walipata kijibustani cha kukodi, vile ambavyo Leipzig imejaa, chenye kona ya kivuli chini ya uzio, wakapanda matunguu waliyonunua kwa muuza mimea. Yaliota vizuri. Mwaka wa pili, mke alipokwenda kuchuma kwa mara ya kwanza, aliona katikati ya kitalu majani ambayo yalikuwa mawili mawili. Mpangaji wa zamani wa bustani ya jirani alikuwa amepanda Maiglöckchen upande wa pili wa uzio, na mashina yake hutambaa chini ya udongo. Yalikuwa yamekwisha kuvuka na kuingia katikati ya saumu. Alikwenda nyumbani kuchukua ungo.